Kumuuliza Kijana Aliyezidiwa na Huzuni

KHUTBA YA KWANZA



Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyempa mwanadamu uhai kuwa ni amana, na akaujaalia kila ugonjwa kuwa na mlango wake wa tiba. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Masahaba wake, na wote waliofuata mwendo wao mwema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu mliohudhuria, nanyi mnaotusikiliza majumbani, mashambani na katika mabweni ya vyuo, nakuusieni pamoja na kuiusia nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu katika kila amana aliyotukabidhi. Na amana mojawapo kubwa ni watoto wetu. Leo, kwa uwezo wa Mola, nitazungumza juu ya jambo ambalo katika miji yetu husemwa kwa kunong'ona, nalo ni huzuni inayowazidi nguvu vijana wetu wasomao katika vyuo vikuu, hata wengine wao wakafikiri kuyakatiza maisha yao kwa mikono yao.

Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud, kwa njia ya Abu Said al-Khudri, kwamba siku moja Mtume (S.A.W.) aliingia msikitini saa isiyokuwa ya Swala, akamkuta mtu mmoja katika Ansari, aitwaye Abu Umama, ameketi peke yake. Mtume hakumpita. Alimwendea akamuuliza sababu ya kuketi pale wakati ule. Yule Sahaba akajibu kuwa ni hamu zilizomwandama, na madeni. Hapo ndipo Mtume alipomfundisha dua ya kuomba asubuhi na jioni. Wanazuoni wa Hadithi wameona udhaifu katika isnadi ya kisa hiki. Ama dua yenyewe imethibiti katika Sahihi Bukhari kutoka kwa Anas, kwamba Mtume alikuwa akiikariri mara kwa mara, akijikinga kwa Mola wake na hamu na huzuni, na kushindwa na uvivu, na uzito wa deni, na kuelemewa na watu.

Tazameni, ndugu zangu, jinsi huzuni na deni vilivyowekwa katika dua moja. Tazameni pia utaratibu wa kisa kile: kwanza Mtume alimwona mtu, kisha akamuuliza, kisha akamsikiliza, na mwisho ndipo akamfundisha. Sisi wengi wetu huanzia mwisho. Twafundisha kabla ya kuuliza, na twahukumu kabla ya kusikiliza.

Nami ninayekuhutubieni ni mmoja katika hao. Naomba niwaeleze jambo lililonipata mwenyewe hapa Naliendele mwanzoni mwa mwaka 2019. Mwenyewe ameniruhusu kulitaja, kwa sharti la kutomtaja jina.

Kijana mmoja, mtoto wa mkulima wa korosho, alikuwa chuo kikuu mwaka wa pili. Mnakumbuka jinsi msimu ule ulivyokuwa. Mwezi Oktoba 2018 wakulima walikataa bei za mnada, na mwezi Novemba Serikali ikaamua kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Lakini malipo ya wakulima wengi yalichelewa, yakaingia mwaka mwingine. Nanyi mwajua kuwa kwetu sisi korosho ndiyo ada, ndiyo nauli, ndiyo godoro la mtoto aendaye bwenini. Vyuo hufunguliwa miezi ile ile ambayo korosho huokotwa. Msimu ukiyumba, mwanafunzi aliye mbali huyumba pamoja nao.

Kijana yule alirudi nyumbani katikati ya muhula. Alisema kuwa ameumwa kidogo na amepewa ruhusa ya kupumzika. Kila siku alikuja msikitini mapema kabla ya adhana, akaketi nyuma karibu na nguzo, na baada ya Swala alibaki pale pale. Nilimwona siku kumi na zaidi. Siku moja nikamwendea. Akaniamkia, "Shikamoo, shehe." Nikamwitikia. Nikamwambia, "Mwanangu, punguza mawazo. Mwenye imani hahuzuniki. Zidisha Swala." Akajibu, "Inshallah, shehe." Akachukua viatu vyake akaondoka, wala hakuja tena.

Mimi nilirudi nyumbani nikidhani kuwa nimetoa nasaha. Hadithi ile ya Abu Umama nimeisomesha madrasa kwa miaka mingi, na watoto wakaihifadhi kwa moyo. Lakini nilipomkuta Abu Umama wangu ameketi nyuma ya nguzo, sikumuuliza neno.

Aliyemuuliza alikuwa mjomba wake, mzee asiyejua kusoma ila Kurani. Usiku alimkuta amekaa nje peke yake, naye chakula hakukigusa. Mjomba akaketi karibu naye, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mpwa wangu, nakuona hulali wala huli. Nakuuliza neno zito, wala sitakukasirikia kwa jibu lako. Je, umefika mahali pa kutaka kufa?" Kijana akalia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulia tangu alipofika. Akaeleza yote: ya kuwa matokeo yake yamekuwa mabaya, na sasa ameondolewa chuoni, ya kuwa baba yake amekopa kwa ajili yake, na deni halijalipwa, na ya kuwa yeye amejiona kuwa ndiye deni lenyewe, na akiondoka yeye, deni nalo litaondoka.

Mjomba hakumwacha peke yake usiku ule. Alilala chumba kimoja naye, na asubuhi wakapanda gari wakaenda hospitali mjini Mtwara. Kijana alitibiwa, akazungumza na wataalamu, akatumia dawa kwa muda waliomwambia. Baadaye alijiunga na chuo kingine, akamaliza, na leo anafanya kazi. Alipokuja kunisalimu aliniambia kwa adabu, "Shehe, wewe uliniambia nisiwe na huzuni. Mjomba aliniuliza huzuni yangu ina ukubwa gani." Neno lile lilinichoma, na ndilo lililonifanya niiandike khutba hii.

Ndugu Waislamu, jambo hili si la nyumba moja wala la mji mmoja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2021 watu 727,000 ulimwenguni walifariki kwa kujitoa uhai, na kwamba kati ya vijana wa umri wa miaka 15 hadi 29 hiyo ilikuwa sababu ya tatu ya vifo. Karibu robo tatu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi zisizokuwa tajiri, yaani nchi kama zetu. Basi asiseme mtu kuwa haya ni mambo ya Wazungu, au ya watu wasiokuwa na dini.

Na kwa nini wanafunzi? Kwanza, maradhi mengi ya akili huanza katika ujana, kabla ya mtu kutimiza miaka 25; na huo ndio umri wa kuwa chuoni. Pili, mwanafunzi ametolewa katika nyumba yenye bibi, shangazi na majirani, akatiwa katika chumba cha wageni. Kutoka hapa hata Dar es Salaam ni kiasi cha kilomita 560, na Dodoma ni mbali zaidi. Tatu, mzigo aliobebeshwa ni wa ukoo mzima. Tulipomuaga tulimwambia, "Wewe ndiwe tegemeo letu," tukadhani tumempa moyo, kumbe tumempa na gunia la kubeba. Nne, ni fedha. Wanafunzi wana maneno yao: posho ya mkopo huiita "bumu", mtihani wa kurudia huuita "sapu", na kuondolewa chuoni kwa kushindwa mitihani huita "disko". Wazazi wengi hawayajui maneno haya, na kijana aliyepata disko hajui kwa lugha gani amweleze mama yake. Basi hujificha. Wapo wanaoendelea kuaga nyumbani kila muhula na hali hawana tena chuo cha kuendea.

Lakini tusidhani kuwa kufeli peke yake ndiko kunakomfikisha mtu huko. Wengi hufeli wakaanza upya. Mara nyingi chini yake mna maradhi ya huzuni ambayo yamekaa muda mrefu bila ya tiba, na shida za nje zikayaongezea uzito. Na maradhi yana tiba.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu. Hapana shaka kuwa Uislamu umeharimisha mtu kuiua nafsi yake. Mola wetu amekataza jambo hilo katika Suratun Nisaa, aya ya 29. Lakini isomeni aya hiyo mpaka mwisho wake. Mara baada ya kukataza, Mwenyezi Mungu amejitaja kuwa ni Mwenye kuturehemu. Makatazo yale ni ukuta uliojengwa kwa rehema, mfano wa ukuta wa kisima: haukujengwa ili aliyetumbukia apigwe mawe, bali umejengwa ili mtu asitumbukie. Mwenye kuutumia ukuta huo kumpigia aliyejikwaa karibu na kisima hakuifahamu aya.

Tena tusidanganyane kuwa mwenye imani hahuzuniki, kama nilivyosema mimi kwa kutojua. Nabii Yaakub (A.S.) alilia kwa ajili ya Yusuf hata macho yake yakawa meupe, na Kurani haikumtoa katika Unabii. Bibi Maryamu, aliyeteuliwa juu ya wanawake wa ulimwengu, uchungu ulipomshika penye shina la mtende, peke yake na akiogopa maneno ya watu, alitamani kuwa angalikufa kabla ya siku ile. Hayo yametajwa katika sura yenye jina lake, aya ya 23. Je, Mola wake alimjibu kwa makemeo? Hapana. Alijibiwa asihuzunike, akatolewa kijito chini yake, akaambiwa autikise mtende zimwangukie tende mbivu, ale, anywe, atulize jicho lake, na asilazimike kuzungumza na watu siku ile. Maji, chakula, utulivu, na kukingwa na ndimi za watu: hii ndiyo huduma ya kwanza kwa aliyezidiwa, imo ndani ya Kitabu chetu, na sisi twaisoma kila Ramadhani.

Na Mtume wetu (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi mbele za watu. Vijana wetu wa kiume wamefundishwa tangu jandoni kuwa mwanamume halii. Uvumilivu ni sifa njema. Lakini kumfunga mtu kinywa hata asiweze kusema "naumia", hiyo si subira. Subira ni kustahimili huku ukitafuta njia.

Ndugu zangu, sisi watu wa Naliendele tunao mfano shambani kwetu. Mnaujua ugonjwa wa ubwiri unga. Hauanzi kwenye shina. Huyashika maua na machipukizi, yaani sehemu changa, na mti ukiutazama kwa mbali waonekana mzima, majani ya zamani yamesimama. Ugonjwa huo uliangusha mavuno ya korosho katika miaka ya 1970 na 1980. Je, mkulima aliulaani mkorosho wake? Aliuambia kuwa una imani haba? La. Watafiti wa kituo chetu cha Naliendele waliuchunguza, wakawafundisha wakulima kupuliza salfa wakati wa maua, na mikorosho ikazaa. Mkulima aliyepuliza salfa hakuacha kumwomba Mola baraka, na aliyeomba hakuona kuwa salfa ni kumkosea Mola. Basi je, mwanadamu ana thamani ndogo kuliko mkorosho?

Mabedui walimwendea Mtume wakamuuliza kama wajitibu. Akawaamrisha wajitibu, akawafahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Wala hakubagua kati ya ugonjwa wa tumbo na ugonjwa wa moyo. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akiagiza wafiwa na wagonjwa wapikiwe talbina, uji wa shayiri, kwa kuwa alimsikia Mtume akisema kwamba hutuliza moyo wa mgonjwa na kumpunguzia huzuni. Na wazee wetu katika elimu walifuata njia hiyo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra, yaani 934 Miladia, aliandika kitabu kizima juu ya siha ya mwili na siha ya nafsi. Akapambanua huzuni yenye sababu ijulikanayo na huzuni isiyojulikana sababu yake, na kila moja akaieleza namna ya kuitibu. Hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Kairo mwaka 1284 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Kwa hiyo anayempeleka mwanawe kwa mganga wa hospitali kwa maradhi ya akili hakuiga ugeni. Amerudi katika mwendo wa wazee wake.

Visomo ni haki, na dua ni silaha ya Muislamu. Msomeeni mgonjwa wenu kwa upole. Lakini kumfunga kamba, kumchapa ili atoke jini, kumnyima chakula, au kumkataza dawa za hospitali, hayo ni dhulma, na mwenye kuyatenda ataulizwa. Kisomo na hospitali vyaenda pamoja, kama salfa na dua.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi nanyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake mwaminifu.

Ndugu Waislamu. Katika khutba hii ya pili nataka nikuachieni mambo ya kutenda, maana maneno bila ya vitendo ni mvua ya baharini.

La kwanza ni kuzitambua dalili. Mwangalieni mtoto aliyebadilika usingizi, akawa halali au halali ila mchana, aliyeacha chakula, aliyejitenga na rafiki zake, aliyeacha Swala aliyokuwa akiipenda, au kinyume chake, akawa anaswali usiku kucha kwa hofu ya kuwa Mola amemchukia. Mwangalieni anayesema kuwa yeye ni mzigo, au kwamba mambo yenu yangekuwa bora kama hayupo. Anayegawa vitu vyake avipendavyo. Anayeaga kwa namna isiyo ya kawaida. Na aliyekuwa na huzuni nyingi, kisha ghafla akatulia pasipo sababu, msiharakishe kufurahi. Kaeni naye, mumuulize.

La pili ni kuuliza. Watu wengi huogopa kulitaja neno lenyewe, wakidhani kuwa kumuuliza mtu juu ya kufa ni kumtia fikra hiyo. Waganga na wataalamu wamelichunguza jambo hili, wakaona kuwa sivyo. Kumuuliza kwa upole humpunguzia mzigo, kwa sababu amepata mtu wa kumwambia. Mzazi uliye mbali, unapopiga simu usiridhike na "salama, mama". Zamani, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa juu ya Mto Rufiji mwaka 2003, mtoto aliyekwenda Dar es Salaam aliweza kukaa miezi bila habari, na udhuru ulikuwepo. Leo sauti yake yakufikia kila siku, lakini hali yake haikufikii. Uliza: Umelala saa ngapi? Umekula nini leo? Umekula na nani? Rafiki yako ni nani? Kisha sema neno ambalo wazazi wengi hawajalisema: "Mwanangu, ukifeli, nyumba ni yako. Rudi."

La tatu, ukipata jibu la kuogofya, usimwache peke yake, wala usimkaripie. Dawa za shamba na dawa za hospitali zilizomo nyumbani zitieni chini ya kufuli, na ufunguo akae nao mtu mzima. Jambo hili si dogo. Kisiwa cha Sri Lanka, ambacho watu wake wengi ni wakulima kama sisi, kilizipiga marufuku dawa za shamba zilizo kali zaidi, na vifo vya kujitoa uhai vilipungua sana tangu miaka ya 1990. Mara nyingi wazo la kufa huja kwa nguvu kisha hupita; mtu akilindwa katika saa ile, aweza kuishi miaka mingi.

La nne, mpelekeni kwenye tiba siku ile ile. Hapa kwetu iko hospitali ya mkoa ya Ligula, na viko vituo vya afya. Semeni wazi kuwa mgonjwa amefikiri kujidhuru, na ombeni kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Kwa aliye chuoni, iko ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Akipewa dawa, fahamuni kuwa dawa nyingi za maradhi haya huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha nafuu yake kamili. Msimwachishe kwa kuwa juma la kwanza limepita bila mabadiliko, wala msimwachishe ghafla kwa kuwa amepata nafuu. Mrudini mganga aliyezitoa. Wala hofu ya polisi isiwazuie kumfikisha mgonjwa hospitalini. Ulimwengu nao unaanza kulitazama jambo hili kwa jicho jingine: Pakistani, nchi ya Waislamu, mwezi Desemba 2022 iliifuta sheria iliyomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujitoa uhai.

La tano ni juu ya siri. Siri ya ndugu yako ni amana. Lakini rafiki yako akikuambia kuwa anataka kufa, kisha akakuapisha usimwambie mtu, kiapo hicho kisikufunge. Mwambie mtu mzima unayemwamini. Afadhali akukasirikie akiwa hai. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Na Mola wetu, katika Suratul Maida, aya ya 32, amemfananisha mwenye kuihuisha nafsi moja na aliyewahuisha watu wote.

Sasa nizungumze na nyumba ambazo msiba huu umekwisha kuzifika. Najua mpo, na najua mmesikia maneno ya watu. Ni kweli kuwa imepokewa katika Hadithi ya Jabir bin Samura kwamba Mtume (S.A.W.) hakumswalia yeye mwenyewe mtu aliyejiua. Wanazuoni, na miongoni mwao Imamu Nawawi, wameeleza kuwa alifanya hivyo ili kuwaonya watu, na Masahaba walimswalia. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na wengi wetu katika pwani hii, maiti huyo huoshwa, huvikwa sanda, huswaliwa, na huzikwa katika makaburi ya Waislamu pamoja na ndugu zake. Tena kalamu huinuliwa kwa mtu ambaye akili imemtoka, na ni nani kati yetu aliyeingia ndani ya kichwa cha marehemu akajua hali yake ya mwisho?

Imo katika Sahihi Muslim habari ya Tufayl bin Amr. Alihamia Madina pamoja na mtu wa kabila lake. Mtu yule akaugua, maumivu yakamshinda subira, akajitendea kwa mikono yake jambo lililoyamaliza maisha yake. Tufayl akamwota akiwa katika hali njema, ila mikono ameifunika. Akamuuliza, akaambiwa kuwa Mola amemsamehe kwa sababu ya kuhama kwake kumfuata Mtume, isipokuwa mikono ile. Tufayl akamhadithia Mtume ndoto hiyo. Na Mtume (S.A.W.) akafanya nini? Aliomba, akamsihi Mola wake aisamehe na mikono yake pia.

Huyo ndiye Mtume wetu. Basi wewe na mimi ni nani hata tukae barazani kumgawia marehemu nafasi yake ya Akhera? Nendeni matangani. Kaeni na mama yake. Mtajeni marehemu kwa mema yake, mumwombee dua, wala msiwaulize wafiwa namna alivyokufa.

Mwisho nasema na wewe, mwanangu, binti yangu, unayenisikiliza kwenye kitanda cha bweni, na labda umeizima taa. Huenda umefeli. Huenda umepata mimba, au umetapeliwa ada, au moyo wako umekuwa mzito wala hujui sababu. Thamani yako mbele ya Mola wako haikuandikwa katika karatasi ya matokeo. Wewe si deni. Wazazi waliouza korosho kwa ajili yako hawakununua cheti. Walikuwa wakikupenda wewe, na wakiambiwa wachague kati ya cheti na uso wako mlangoni, wataufungulia mlango uso wako. Wazo linalokuambia kwamba hakuna njia ni maneno ya ugonjwa, wala si maneno yako. Ugonjwa huo umewashika wengi kabla yako, wakatibiwa, wakaoa, wakaolewa, wakacheka tena. Usiku huu mwambie mtu mmoja tu. Gonga mlango wa jirani. Mpigie mjomba wako. Nenda kwa imamu wa msikiti wako, na kama imamu akikujibu kama nilivyojibu mimi, usikate tamaa. Nenda kwa mwingine.

Nanyi maimamu wenzangu na walimu wa madrasa, baada ya Swala tusiwe wa kwanza kutoka. Tuutazame msikiti mpaka nyuma, penye nguzo. Akiwapo mtu ameketi peke yake saa isiyokuwa ya Swala, tumwendee, tumuulize.

Ewe Mola wetu, tunajikinga kwako na hamu na huzuni, na uzito wa madeni, na kuelemewa. Ewe Mola, wahifadhi vijana wetu walioko vyuoni, karibu na mbali. Waponye wagonjwa wetu, wa mwili na wa nafsi. Wasamehe waliotutangulia, na wale ambao maumivu yaliwashinda, uwasamehe na mikono yao. Wape wazazi wao subira. Tujaalie ndimi za kuuliza, na masikio ya kusikiliza, na miguu ya kwenda. Amina, Yaa Rabbal aalamiin.

Simameni tuswali, Mwenyezi Mungu akurehemuni.